Malezi ya Walimu Wanafunzi Shuleni: Wajibu wa Kila Upande na Wajibu wa Wote

Kila mwaka shule za msingi na sekondari mkoani Dodoma hupokea walimu wanafunzi wanaofika kufanya mazoezi ya kufundisha. Baadhi yao hutoka Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kilichopo katika jiji hilohilo. Wengine hutoka vyuo vya ualimu vya Serikali vilivyo katika uwanda wa kati, vikiwamo Mpwapwa, Bustani kilichopo Kondoa, na Kinampanda kilichopo Wilaya ya Iramba mkoani Singida. Shuleni huitwa walimu wa mazoezi, na mitaani huitwa walimu wa fildi. Kwa jina lolote lile, kwa wiki kadhaa hukabidhiwa kitu ambacho hakiwezi kurudishwa kikishapotea: vipindi vya watoto.

Mwanafunzi wa Darasa la Tano au wa Kidato cha Pili hana mwaka wa majaribio. Mada ya hisabati iliyofundishwa vibaya mwezi Julai humfuata hadi katika chumba cha mtihani. Kwa upande mwingine, mwalimu mwanafunzi asiyepewa nafasi ya kufundisha, kukosea na kusahihishwa ataingia kazini na makosa yaleyale, na kuyapeleka katika madarasa mengi kwa miaka mingi. Malezi ya kitaaluma shuleni yanalenga kulinda haki ya mtoto kufundishwa ipasavyo na haki ya mwalimu mwanafunzi kulelewa, bila kutoa moja kafara kwa ajili ya nyingine. Kazi hiyo haina mwenyewe mmoja. Hugawanywa kati ya chuo, halmashauri, uongozi wa shule, mwalimu mlezi na mwalimu mwanafunzi mwenyewe, na huharibika pale kila upande unapodhani kwamba upande mwingine unaitekeleza.

Nafasi ya mwalimu mwanafunzi

Mazoezi ya kufundisha ni sehemu ya mafunzo ya ualimu, si ajira. Katika vyuo vikuu vingi hufanyika kwa wiki sita hadi nane, aghalabu kuanzia mwezi Julai, wakati masomo ya chuo yamefungwa na shule zimefunguliwa baada ya likizo ya Juni. Kabla ya kufika shuleni, mwanachuo huwa amesoma nadharia za ufundishaji, ameandaa azimio la kazi na andalio la somo, na amefanya mazoezi ya kufundisha mbele ya wanachuo wenzake. Kinachobaki ni kile ambacho chuo hakiwezi kumpa: darasa halisi lenye watoto halisi, ambao wengine wameelewa, wengine hawajaelewa na wengine wamefika shuleni bila kula.

Hadhi hiyo ina matokeo matatu. Kwanza, mwalimu mwanafunzi hana mamlaka kamili ya mwalimu aliyeajiriwa. Anachokifanya hukifanya kwa idhini ya mkuu wa shule na chini ya uangalizi. Pili, hahesabiwi katika ikama ya shule, na kuwapo kwake hakuondoi upungufu wa walimu. Tatu, mamlaka yake ya nidhamu ni chuo chake. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 25 ya mwaka 2015, husimamia walimu walioajiriwa katika utumishi wa umma, na mwanachuo hayumo miongoni mwao. Kwa hiyo, anapokwenda kinyume cha maadili, taarifa haina budi kutoka shuleni na kufika chuoni. Shule ikinyamaza, chuo kitamhitimu bila kujua.

Mafunzo kutoka katika historia ya nchi

Wazo la kumfunza mwalimu akiwa shuleni si geni nchini. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililoweka lengo la kuwapatia watoto wote elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977, ilibainika kwamba vyuo vilivyokuwapo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa wakati. Kuanzia mwaka 1976 Serikali iliandikisha vijana waliosomeshwa ualimu wakiwa vijijini. Walifundisha sehemu ya siku, na sehemu nyingine walijifunza kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na mikutano na wakufunzi katika vituo. Takriban walimu wanafunzi 45,000 waliandikishwa katika mpango huo, na wananchi wengi wa rika la makamo bado wanawakumbuka kwa jina la walimu wa UPE.

Hali kama hiyo ilirejea mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baada ya ada ya shule za msingi kufutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, kuanza kutekelezwa, idadi ya watoto madarasani iliongezeka ghafla. Mafunzo ya walimu wa Daraja la Tatu A yalipangwa upya ili mwanachuo akae chuoni mwaka mmoja na mwaka wa pili afundishe shuleni akiendelea kulelewa. Baadaye utaratibu huo uliachwa na mafunzo ya chuoni kwa miaka miwili yakarejeshwa.

Vipindi hivyo viwili vina jambo moja linalofanana. Katika kila kimoja, shule ilipewa jukumu la chuo wakati ambapo shule yenyewe ilikuwa imeelemewa. Mwalimu aliyetakiwa kulea alikuwa na darasa lililojaa, na kijana aliyetakiwa kulelewa alihitajika zaidi kuziba pengo. Mwalimu mwanafunzi aliyepata mlezi makini alitoka akiwa mwalimu, na aliyekosa alijifundisha mwenyewe kwa kubahatisha. Muda mrefu shuleni haukutosha kuwa malezi pale ambapo hapakuwa na mtu aliyekaa nyuma ya darasa akiangalia, akaandika alichokiona, na baadaye akakaa na kijana huyo kumweleza.

Wajibu wa chuo

Chuo ndicho chenye mwanafunzi, na wajibu wake hauishii kwenye barua ya utambulisho. Kabla ya mazoezi, chuo kinapaswa kuhakikisha kwamba mwanachuo anafahamu mtaala na muhtasari wa somo unaotumika shuleni kwa wakati huo. Jambo hili limepata uzito zaidi tangu Januari 2024, mitaala iliyoboreshwa ilipoanza kutumika kwa awamu kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023. Katika kipindi hiki cha mpito madarasa mawili ya shule moja yanaweza kuwa yanafuata mitaala tofauti. Mwanachuo aliyezoezwa kwa mmoja tu hufika akiwa nusu tayari.

Chuo pia kinapaswa kuieleza shule kwa maandishi kile inachotarajia: idadi ya vipindi, fomu za upimaji na namna ya kuzijaza, pamoja na jina na mawasiliano ya mratibu wa mazoezi. Walimu walezi wengi ni wazoefu wa kufundisha watoto, lakini kumwongoza mtu mzima anayejifunza kazi ni ujuzi mwingine. Chuo kisipowapa mwongozo, kila mmoja atalea kwa namna alivyolelewa yeye, iwe nzuri au mbaya.

Wakati wa mazoezi, mkufunzi au mhadhiri hufika kutathmini. Ziara hiyo ni ya lazima, lakini ina mipaka yake. Kipindi kimoja kilichoangaliwa na mgeni anayetoa alama huonyesha namna mwanachuo anavyofundisha siku ya mgeni. Mkufunzi anayeondoka bila kuzungumza na mwalimu mlezi huondoka na sehemu ndogo ya ukweli.

Wajibu wa halmashauri, wathibiti ubora na mkuu wa shule

Shule za Serikali huendeshwa na halmashauri chini ya Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ilhali vyuo vya ualimu viko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, na vyuo vikuu vina mabaraza yake. Kwa sababu hiyo mwalimu mwanafunzi anapoingia shuleni huwa amevuka mpaka wa kiutawala. Idhini ya halmashauri, kupitia maofisa elimu wa msingi na sekondari, ndiyo inayounganisha pande hizo.

Kazi ya msingi ya halmashauri hapa ni mgawanyo. Mkoa wa Dodoma una halmashauri nane, kuanzia Jiji la Dodoma hadi Bahi, Chamwino, Chemba, Kongwa, Mpwapwa na halmashauri mbili za Kondoa. Wanachuo wengi huvutwa na shule za mjini kwa sababu ya makazi, usafiri na huduma. Pasipo mgawanyo, shule moja ya mjini inaweza kuwa na walimu wanafunzi wanne wa historia wanaogombania vipindi vya mwalimu mmoja, wakati shule ya kata iliyo mbali haijampata hata mmoja. Wanne hao hawatapata mazoezi ya kutosha, na mlezi wao hatapata muda wa kumwangalia kila mmoja. Hata hivyo, kumpeleka mwanachuo mahali ambapo hakuna mwalimu wa somo lake nako si suluhisho, kwa kuwa atakuwa amepata darasa akakosa mlezi. Mgawanyo mzuri huanza na swali la nani atamlea, kisha ndipo hufuata swali la wapi ana uhitaji zaidi.

Afisa Elimu Kata na wathibiti ubora wa shule, wanapotembelea shule katika kipindi hicho, wana nafasi ya kuona kama malezi yanafanyika. Swali moja humtosha mthibiti ubora: kipindi hiki kinachofundishwa na mwalimu mwanafunzi, mwalimu wa somo yuko wapi?

Kwa upande wa shule, mwenye dhamana ni mkuu wa shule ya sekondari au mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Yeye ndiye anayeteua mwalimu mlezi, na inafaa uteuzi huo uwe wa maandishi ili mlezi ajue kwamba ni jukumu la kazi, si hisani. Humpa mwalimu mwanafunzi taratibu za shule siku ya kwanza, humtambulisha mstarini, humwonyesha nafasi yake katika ofisi ya walimu na humpangia vipindi akishirikiana na mwalimu wa taaluma.

Mkuu wa shule pia huamua madarasa yasiyopaswa kuachwa mikononi mwa mwanafunzi. Mazoezi ya vyuo vikuu huangukia miezi ambayo shule za msingi zinajiandaa kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, unaofanyika Septemba, na sekondari zinajiandaa kwa mitihani ya Kidato cha Pili na cha Nne, inayofanyika Novemba. Shule nyingi huyaweka madarasa hayo chini ya walimu wazoefu. Busara hiyo isigeuzwe kuwa kisingizio cha kumfungia mwalimu mwanafunzi nje ya kazi halisi. Anaweza kuketi katika darasa la mtihani na kuona namna mwalimu mzoefu anavyorejea mada, kisha akafundisha madarasa mengine.

Wajibu wa mwalimu mlezi

Mwalimu mlezi ndiye kiini cha mpango wote. Kwa kawaida huwa ni mwalimu wa somo husika, mwenye uzoefu na mwenendo mwema, na mara nyingi hubeba jukumu hilo juu ya vipindi vyake vya kila siku. Ndiyo maana wajibu wake unapaswa kuwa wazi na unaotekelezeka.

Hatua za malezi zinajulikana. Katika siku za mwanzo mwalimu mwanafunzi huketi darasani na kumwangalia mlezi akifundisha, huku akijua anachotakiwa kukitazama: namna somo linavyoanzwa, maswali yanavyogawanywa, makosa yanavyosahihishwa. Kisha hupewa sehemu ya kipindi, pengine dakika 10 za utangulizi au zoezi la mwisho. Baadaye hufundisha kipindi kizima mlezi akiwapo. Mwishoni, akionekana ameimarika, huachiwa baadhi ya vipindi peke yake, mlezi akiendelea kukagua andalio la somo kabla na madaftari ya wanafunzi baada. Kasi ya hatua hizo hutegemea mwanachuo. Yupo anayeziruka kwa wiki moja na yupo anayehitaji wiki tatu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika shule yenye upungufu wa walimu methali hiyo huweza kueleweka vibaya. Mwalimu mwenye vipindi vingi anapompata kijana mwenye nguvu, kishawishi cha kumkabidhi darasa na ufunguo wa kabati, kisha kwenda kushughulikia mengine, ni kikubwa na kinaeleweka kibinadamu. Lakini mwenyeji anayepona kwa njia hiyo huwa amewaacha wawili bila ulinzi: mgeni na mtoto. Darasa haliondoki mikononi mwa mwalimu wa somo kwa sababu mwalimu mwanafunzi amefika. Ndiye atakayeulizwa matokeo ya muhula, na ndiye atakayebaki na wanafunzi hao mgeni akishaondoka.

Faida halali ya mwenyeji ipo, nayo si ndogo. Mwalimu anayelazimika kueleza kwa nini anafundisha mada kwa mpangilio fulani hulazimika kufikiri upya juu ya kazi yake. Mwanachuo naye huja na mbinu mpya, zana alizotengeneza na uzoefu wa kutumia kishikwambi au kompyuta ambao huenda baadhi ya walimu bado wanautafuta. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unawataka walimu kukutana katika jumuiya za kujifunza shuleni na kujadili changamoto za ufundishaji. Mwalimu mwanafunzi akikaribishwa katika vikao hivyo hujifunza mapema kwamba mwalimu aliyebobea naye bado anajifunza.

Wajibu wa mwalimu mwanafunzi

Malezi hayamfai asiyetaka kulelewa. Mwalimu mwanafunzi anawajibika kufika kwa wakati, kusaini kitabu cha mahudhurio, kuvaa kwa staha na kuwasilisha andalio la somo kwa mlezi kabla ya kipindi, si baada. Anawajibika kuitunza shajara ya somo, kusahihisha madaftari na kushiriki kazi nyingine za shule kama zamu, michezo na vikao vya walimu.

Zaidi ya hayo, ana wajibu wa kusema asichokijua. Mwanachuo anayeficha kwamba mada fulani inamshinda, akaiandika ubaoni kutoka kitabuni na wanafunzi wakainakili, huwa amewadanganya wanafunzi na kujidanganya mwenyewe. Kumwendea mlezi jana yake na kusema "hapa sijaelewa vizuri" si udhaifu. Kwa mwalimu, ni mwanzo wa uaminifu wa kitaaluma.

Mambo matatu yanayofanywa na wote

Wajibu uliotajwa hadi hapa una mwenyewe. Yapo pia mambo matatu yasiyoweza kufanywa na upande mmoja.

La kwanza ni makubaliano ya mwanzo. Katika juma la kwanza mkuu wa shule, mlezi na mwalimu mwanafunzi wanapaswa kukaa pamoja na kukubaliana: madarasa gani, mada zipi, vipindi vingapi, siku gani mlezi ataangalia kipindi na siku gani watakaa kujadili. Karatasi moja yenye makubaliano hayo, nakala ikapelekwa kwa mratibu wa chuo, huzuia malalamiko mengi yanayozuka mwishoni.

La pili ni mrejesho. Hapa ndipo malezi mengi hufa kimyakimya. Tuchukue mfano wa kipindi cha Kidato cha Kwanza ambapo mwalimu mwanafunzi, kila baada ya maelezo, anauliza, "Mmeelewa?" na darasa zima linaitikia, "Ndiyo." Mlezi anayeandika "somo zuri, ongeza bidii" hajamsaidia. Mlezi aliyehesabu na kuandika kwamba kati ya maswali 9 yaliyoulizwa, 7 yalijibiwa na wanafunzi wa madawati ya mbele, na kwamba swali la "mmeelewa" halikufuatiwa na zoezi lolote la kupima, amempa kitu cha kufanyia kazi kesho yake. Mrejesho wenye manufaa hutolewa siku hiyohiyo, faraghani, kwa kueleza kilichoonekana kabla ya kutoa hukumu, na huishia na jambo moja au mawili ya kurekebisha, si orodha ya makosa 15. Kumsahihisha mwalimu mwanafunzi mbele ya wanafunzi, isipokuwa pale kosa linapoweza kuwadhuru papo hapo, humvunjia heshima anayoihitaji ili afundishe.

La tatu ni tathmini ya mwisho. Mkufunzi ana vigezo vya chuo, mlezi ana kumbukumbu ya wiki zote, na mwanachuo ana maelezo yake mwenyewe. Tathmini ya haki hukusanya vyote. Mlezi anayempa kila kijana alama za juu kwa huruma hamsaidii kijana huyo wala watoto atakaowafundisha. Kadhalika, chuo kinachopokea maoni makali ya shule na kuyaweka kabatini kinaivunja moyo shule hiyo kusema ukweli mwaka unaofuata.

Nidhamu na usalama wa wanafunzi

Eneo ambalo mkanganyiko wa wajibu huleta madhara makubwa zaidi ni nidhamu. Oktoba 2016 wananchi walishuhudia picha za video za walimu wanafunzi wakimpiga mwanafunzi katika shule moja ya sekondari jijini Mbeya. Waliohusika waliondolewa vyuoni, lakini adhabu hiyo ilikuja baada ya mtoto kuumia. Tukio hilo liliibua hoja ambayo kila shule inayopokea wanachuo inapaswa kuijibu mapema: nani anamwangalia mwalimu mwanafunzi anapokasirika?

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu, zinampa mamlaka ya adhabu hiyo mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na zinaweka ukomo wa viboko vinne. Mwalimu mwanafunzi hapati mamlaka hayo kwa kusimama mbele ya darasa. Utaratibu salama ni kwamba kosa lolote la kinidhamu analokutana nalo hulifikisha kwa mlezi au mwalimu wa zamu, na huzoezwa njia nyingine za kulituliza darasa.

Mipaka ya mahusiano nayo ni sehemu ya malezi. Mwanachuo wa chuo kikuu anaweza kuwa na umri wa miaka 22, na baadhi ya wanafunzi wa sekondari hawamkuti mbali. Ukaribu huo wa umri haubadili sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yameweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Mlezi anapaswa kuyasema haya wazi katika siku ya kwanza, pamoja na mambo yanayoonekana madogo: kutokutana na mwanafunzi mmoja mahali pa faragha, kutomtuma nyumbani alikopanga, kutowasiliana naye kwa simu usiku. Pale ambapo shule ina Dawati la Ulinzi na Usalama wa Mtoto, mwalimu mwanafunzi anapaswa kulijua na kujua namna ya kupeleka taarifa, kwa sababu yeye pia anaweza kuwa mtu wa kwanza ambaye mtoto aliyedhuriwa atamweleza.

Mazingira ya uwanda wa kati

Mwongozo wowote hupata sura ya mahali unapotumika. Uwanda wa kati ni eneo la mvua moja kwa mwaka, zinazonyesha takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi ya Julai na Agosti ni mikavu, yenye upepo na baridi ya asubuhi. Katika vijiji vya wafugaji na wakulima, mahudhurio ya wanafunzi huweza kuathiriwa na utafutaji wa maji, malisho na shughuli za mavuno. Mwalimu mwanafunzi aliyekulia mjini anaweza kumhesabu mtoto aliyechelewa kuwa mtovu wa nidhamu, ilhali mlezi anajua kwamba mtoto huyo ametembea umbali mrefu. Maarifa hayo hayaandikwi katika muhtasari wa somo. Hupitishwa na mwenyeji.

Lugha nayo ina nafasi yake. Katika madarasa ya awali ya baadhi ya vijiji vya Bahi, Chamwino au Kongwa, watoto wengine hufika wakiwa wanazungumza zaidi Kigogo. Kondoa na Chemba kuna wazungumzaji wa Kirangi, Kisandawe na Kiburunge. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali, na Kiingereza hutumika sekondari. Mwanachuo kutoka Lindi au Kagera anahitaji kuonyeshwa namna mwalimu mwenyeji anavyomvusha mtoto kutoka lugha ya nyumbani hadi lugha ya darasani bila kumfanya aionee haya lugha yake.

Jamii ya kijiji pia ina sehemu yake. Chumba salama cha kupanga, utambulisho kwa serikali ya kijiji na ukaribisho wa kawaida humwezesha mgeni kuutumia muda wake kuandaa masomo badala ya kuhangaikia makazi.

Mzazi anaweza kuuliza nini

Mzazi au mlezi wa mwanafunzi ana haki ya kujua nani anamfundisha mtoto wake. Kupitia kamati ya shule ya msingi au bodi ya shule ya sekondari, au kwa kwenda ofisini kwa mkuu wa shule, anaweza kuuliza maswali manne bila kumkosea mtu adabu: darasa la mtoto wangu lina mwalimu mwanafunzi katika masomo yapi? Mwalimu wa somo anayemsimamia ni nani? Mada zitakazobaki au zisizoeleweka zitarudiwa lini? Mtoto akiwa na malalamiko, ayapeleke kwa nani?

Shule yenye mpango wa malezi itayajibu maswali hayo kwa dakika chache, kwa kuwa majibu yake yamo katika karatasi ya makubaliano ya juma la kwanza. Shule isiyoweza kuyajibu imepata taarifa muhimu kuhusu yenyewe.

Mzazi naye ana wajibu. Kumdharau mwalimu mwanafunzi mbele ya mtoto, kwa kusema kwamba "huyo si mwalimu kamili", hudhoofisha kipindi kabla hakijaanza. Kila mwalimu mzoefu anayeheshimiwa leo kijijini aliwahi kusimama mbele ya darasa kwa mara ya kwanza, na palikuwa na watoto wa watu waliomsikiliza.

Baada ya mazoezi

Siku ya mwisho ya mazoezi kwa kawaida huwa na picha za kumbukumbu na maneno ya shukrani. Kabla ya hayo kuna makabidhiano ambayo hayapaswi kuachwa: mada zilizokamilika na zisizokamilika, alama za majaribio, madaftari yaliyosahihishwa, vitabu na zana za shule, na majina ya wanafunzi waliobaki nyuma. Mwalimu wa somo hupokea yote kwa maandishi na kuanzia hapo. Chuo hupokea taarifa ya shule, na shule hupaswa kupata mrejesho wa chuo.

Mwaka 2018 Bunge, likiwa jijini Dodoma, lilipitisha Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, hatua iliyoutambua ualimu kuwa taaluma yenye viwango vyake na usajili wake. Viwango hivyo huanza kujengwa kabla ya usajili na kabla ya ajira, katika wiki zile chache ambazo mwanachuo hufundisha huku mtu mwingine akimwangalia. Barua ya chuo humfikisha mwalimu mwanafunzi getini. Kinachofuata hutegemea kama chuo, halmashauri, mkuu wa shule, mwalimu mlezi na yeye mwenyewe wanajua, kila mmoja na wote kwa pamoja, kwamba mtoto aliyeketi darasani ni wa kwao.